Gogo la Akina Tveit

Jumapili, 5 Juni 1994

Leo tumefungua kanisa la magogo kwa msimu wa wageni. Manyunyu tangu asubuhi, mbu wengi, wageni kumi na mmoja. Nimefagia kinyesi cha panya mimbarini, nimefuta madirisha, nimeweka kitabu cha wageni na kalamu mpya. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa mlangoni peke yangu kila Jumapili ya kiangazi, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Mwaka huu Mchungaji Renae ameniletea msaidizi, eti kwa ajili ya nyonga yangu. Nyonga yangu haikuomba msaidizi.

Msaidizi mwenyewe ni Marlys Brekke. Tulisoma darasa moja hapa Norddal. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda California, akaolewa huko, akamzika mume huko, na sasa amerudi bondeni ana miaka sabini na mbili na miwani nyekundu. Nilimkaribisha kahawa. Akasema, "Haya, nipe, asante." Mara ya kwanza tu. Kwetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu ndiyo anapokea, hata kama koo limemkauka. Nikammiminia. Nikamwambia miwani yake ni tofauti kidogo. Mtu wa hapa angejua nimemtukana, lakini yeye alinishukuru.

Jumapili, 12 Juni

Wageni ishirini na watatu. Nimewapa maelezo yangu kama siku zote: familia ishirini na mbili zilizohamia hapa Marekani kutoka Norwei, gogo moja kwa kila familia, na kila gogo limechongwa alama ya shamba la walioleta. Alama zimetawanyika kutani, na hadi leo kila familia huketi kwenye benchi lililo karibu na alama yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ila ukikaa kwenye gogo la watu utaona watakavyokutazama.

La kwetu ni la tatu kutoka chini, ukuta wa kaskazini, karibu na jiko la kupasha joto. Jina la mume wangu ni Moen, lakini kwetu ni Tveit, na mbele ya ukuta huo mimi ni Tveit. Alama yetu ni mistari miwili iliyokatana ndani ya duara. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akikishika kidole changu na kukipitisha humo. Mimi humaliza maelezo yangu hapo: Halvor Tveit, baba wa babu yangu, alilikata gogo hili peke yake katika baridi ya Februari, akalivuta maili nne kwa fahali mmoja. Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko kumenichukua miaka kukupata.

Leo mama mmoja kutoka Iowa aliligusa gogo, machozi yakamlengalenga. Nilikuwa nimempata kabisa. Ndipo Marlys akaketi kwenye kinanda cha kukanyaga, kile ambacho mimi siruhusu mtu akiguse, akaanza kupiga. Watu wote wakamwendea, hata yule mama wa Iowa, na machozi yangu usoni mwake.

Jumapili, 19 Juni

Mvua. Wageni wawili, wote walikuwa wanatafuta choo.

Jumapili, 26 Juni

Mvua haikomi. Majani ya ng'ombe yanaozea shambani kabla ya kufungwa, wakulima wote wamekunja nyuso. Lakini kanisani wageni wanaongezeka, na najua ni kwa nini.

Marlys ana hadithi. Mimi nina tarehe na majina, yeye ana hadithi. Leo aliwaambia kwamba mwanamke mmoja alijifungua kwenye benchi la nyuma wakati wa dhoruba ya theluji, na mchungaji hakukatiza mahubiri, alipaza sauti tu. Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

Nilimvuta kando. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Bibi yako hakuwahi kuniambia mimi."

"Ardis, dada yangu, wewe ulikuwa unamsahihisha tarehe. Nani angekuambia kitu?"

Binamu yangu Delmar, anayekata nyasi makaburini, alikuwa dirishani akisikiliza kila neno. Akaniambia baadaye, "Mwache. Anatia chumvi kidogo, lakini chakula kinalika." Delmar hajawahi kuyasifu maelezo yangu tangu nianze. Roho imeniuma kuliko nyonga.

Jumapili, 3 Julai

Wageni thelathini na wanane. Mahindi yamefika kiunoni, angalau hayo yameipenda mvua.

Jiwe la kaburi la mume wangu Orlin lina jina langu pia, kama ilivyo desturi yetu: mwaka wa kuzaliwa, mstari mfupi, halafu nafasi tupu. Nimelizoea, huwa nalipandia maua mwenyewe. Leo bwana mmoja aliyekuwa akizungukazunguka makaburini alimuuliza Marlys, "Huyu Ardis alikuwa nani?"

"Ndiye yule pale anayekukazia macho," Marlys akamwambia.

Walicheka wote. Nami nilicheka, meno nje, nikaingia ndani kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Alhamisi, 7 Julai

Barua kutoka Norwei. Vitukuu wa Aslak, ndugu yake Halvor, wamekuta kwenye dari ya nyumba ya zamani barua ambayo Halvor aliwaandikia masika ya mwaka 1870, wakanitumia nakala yake. Wanasema mwandiko wa kizamani umewashinda, wameambulia tu neno "kanisa" na neno "gogo".

Kanisa na gogo. Nimekaa nayo mezani asubuhi nzima kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Halvor mwenyewe, kwa mkono wake. Agosti tunatimiza miaka mia moja na ishirini na mitano, na Jumapili ya mwisho watu wa bonde hili watarudi kutoka kila upande, kama kila mwaka, kusikiliza Hadithi ya Magogo. Baba ndiye aliyekuwa akiisimulia, baada yake mimi. Mwaka huu nitasimama na barua hii mkononi. Hebu tuone kinanda kitafanya nini.

Tatizo ni moja. Kinorwei changu ni cha kuombea chakula tu. Mtu pekee hapa bondeni anayeweza kuusoma mwandiko ule ni yule aliyelelewa na bibi yake, akafundishwa kusoma kwa kitabu cha sala na barua za zamani. Sitaki hata kuliandika jina lake.

Jumapili, 10 Julai

Nimelazimika. Baada ya wageni kuondoka nilimwekea Marlys kahawa na kipande cha pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini, nikamwambia, "Mwenzangu, nina karatasi hapa ya akina Tveit, kama una nafasi." Nilisema kana kwamba ni karatasi ya mbegu za maua.

Alivaa miwani yake nyekundu akasoma kimya kwanza, kurasa zote mbili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kahawa ikapoa.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mwandiko wa babu huyu ni wa kuku," akasema. Akakohoa kidogo. Halafu akasoma kwa sauti, polepole, akitafsiri: "Ndugu yangu Aslak, kanisa limekwisha. Magogo ishirini na mawili, na moja ni letu. Baridi ilikuwa kali. Jirani Nils Brekke alisaidia kulipandisha ukutani. Watoto ni wazima. Ng'ombe amezaa."

"Basi?"

"Basi. Na salamu kwa mama."

"Kurasa mbili nzima ni hayo tu?"

"Aliandika kwa herufi kubwakubwa," akasema, akavua miwani. Akala pai yake yote bila kuniangalia.

Ni herufi ndogo kama mchanga. Nina macho.

Jumatatu, 11 Julai

Nimeichunguza barua kwa kioo cha kukuzia. Siwezi kuusoma mwandiko ule, lakini jina Brekke nalijua, limeandikwa hivyo hivyo kwenye kitabu chetu cha ubatizo. Limo mara tatu. Marlys alilitaja mara moja.

Kwa hiyo amenificha kitu. Nimefikiri nikiwa naosha vyombo, nikafikiri nikiwa napalilia, na jibu linalokuja ni moja: Halvor ameandika jambo la kuwaaibisha Wabrekke, na Marlys amelimeza. Au Halvor ametenda jambo kubwa zaidi ya tunavyojua, na yeye hataki niwe nalo. Huyu anayewatilia watu wengine chumvi, kwangu ghafla chumvi imekwisha.

Jumanne, 12 Julai

Nimetuma nakala kwa Profesa Kolstad, mstaafu, aliyekuwa akifundisha Kinorwei katika chuo kimoja upande wa pili wa mto. Nimemwomba anitafsirie neno kwa neno, asipunguze kitu. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 17 Julai

Wageni hamsini. Arobaini walikuwa kwake.

Jumapili, 24 Julai

Joto limeingia baada ya mvua yote ile, nalo limekuja na hasira. Udongo na chokaa kati ya magogo vimeanza kupasuka tena upande wa kusini.

Mchungaji Renae alikuja mwisho wa siku akaketi nami kwenye ngazi. Ni mwanamke mdogo na mzuri, anaogopa kumuudhi mtu, na ndiyo maana huwaudhi watu kwa mzunguko.

"Mama Ardis, tumekuwa tukiwaza, kwa vile mwaka huu ni mkubwa, labda tugawane kazi kidogo."

"Kazi ipi?"

"Labda Marlys asimulie Hadithi ya Magogo. Nawe usome majina ya waliotangulia. Majina nayo ni muhimu sana."

Nilimwambia sawa tu. Hapa kwetu hakuna anayesema hapana usoni mwa mtu, na mimi nina umri mkubwa mno wa kuanza. Akanishika mkono akaniambia nina moyo mkubwa. Nilipofika nyumbani nilipika jeli ya kijani ya kutiwa karoti kwa ajili ya kikao cha kina mama, nikakata karoti zile hadi zikawa vumbi.

Niseme wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Namwonea wivu. Namwonea wivu sauti yake, na vidole vyake kwenye kinanda, na jinsi anavyoweza kukaa mbali zaidi ya miaka hamsini halafu akapokewa kama mvua. Mimi sikwenda popote. Nimefagia kinyesi cha panya hapa tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nadhani kwa sababu hiyo hakuna anayeniona tena, jina langu liko kwenye jiwe tayari.

Jumapili, 31 Julai

Joto. Profesa bado kimya.

Jumapili, 7 Agosti

Nilifika mapema leo. Marlys alikuwa ametangulia, amepiga magoti upande wa kaskazini mbele ya gogo letu, anapitisha kidole kwenye alama yetu. Taratibu, duara lote, halafu mistari.

"Umepoteza kitu?" nikamuuliza.

Alishtuka kama mwizi. "Naangalia tu mkono wa mtu aliyechonga. Alikuwa na mkono mzuri."

"Akina Tveit wote wana mikono mizuri."

Akanitazama kidogo. "Ndiyo," akasema, akainuka kwa kujishika benchi.

Hadithi yangu ameshaichukua, sasa anatamani na gogo.

Jumapili, 14 Agosti

Mvua ya mawe. Ilianza saa tisa, wageni wakakimbilia magari yao wakaondoka, nasi wawili tukabaki ndani mlango umefungwa, paa likipigwa kama ngoma. Kupitia dirishani nilikuwa naona mahindi ya Delmar yakilala chini mstari kwa mstari.

Marlys aliketi benchi la Brekke, mimi la Tveit, kila mtu na gogo lake, jiko katikati. Hatukuweza kusikilizana kwa muda. Mawe yalipopungua akasema, "Ardis, nikuulize. Hivi ungependa kujua kila kitu kuhusu watu wako?"

"Najua kila kitu kuhusu watu wangu."

"Mimi huko California nilijua mambo ya mume wangu baada ya kumzika. Afadhali nisingejua."

"Wa kwangu wako wazi. Wako ukutani."

Alicheka kidogo, halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka yote aliyokuwa mbali, akisoma barua za nyumbani, alikuwa akinifikiria mimi mlangoni na ufagio. Kwamba aliona wivu kwamba kuna mahali mtu akisimama kila Jumapili watu wanajua ni pake.

Nikasema paa linavuja karibu na mimbari. Tukaenda kuweka ndoo. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa karibu kumpenda. Halafu nikakumbuka Brekke mara tatu.

Jumapili, 21 Agosti

Wageni sitini na wanne. Amefanya mazoezi ya Hadithi mbele yao. Anaisimulia kuanzia chini kwenda juu, jinsi walivyojenga. Mimi siku zote nilifuata alfabeti.

Ijumaa, 26 Agosti

Jibu limekuja. Niliifungulia bahasha pale pale kwenye sanduku la posta, kando ya barabara, jua likiniwaka kichwani. Nilikuwa nimeshaamua nitakavyofanya: keshokutwa, Marlys akimaliza kutia chumvi, nasimama kusoma majina, na kabla ya majina nasoma hii.

Profesa ameandika kwanza: "Mama Moen, samahani kwa kuchelewa. Uliomba neno kwa neno, nimefanya hivyo. Natumaini hutaumia." Kisha barua yenyewe. Nainakili hapa, nikiacha tu habari za mazao na mifugo, ili nisijifanye kesho kwamba nimesoma vibaya.

"Ndugu yangu Aslak, kanisa limekwisha. Kuna magogo ishirini na mawili, na mimi sikutoa jasho hata la siku moja. Nilikosana na Nils Brekke kwa ajili ya uwanda wa majani ulio kati yetu, nikaapa mbele ya watu kwamba sitainua shoka kwa ajili ya nyumba ambamo yeye ataketi. Brekke alikata magogo mawili. La pili alilichonga alama yetu kwa mkono wake, na watu walipouliza alisema Tveit amelileta mapema akaenda zake. Aliniambia watoto wangu hawana kosa. Sijamshukuru. Ana mkono mwepesi, ana sauti nzuri, watu wanampenda, na sasa Brekke amenizidi hata kwa hili. Kila Jumapili naliegemea gogo lake na mgongo unaniwaka. Usimwonyeshe mama barua hii."

Delmar alipita na trekta akauliza kama kuna msiba. Nilimwambia ni tangazo la mbegu.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimeoka pai sita. Mikono ilihitaji kazi.

Miaka thelathini na mmoja. Nimewaambia wageni wangapi kuhusu Februari na fahali mmoja? Baba naye, na babu kabla yake. Ama Halvor aliwadanganya wanawe, ama alikaa kimya tu wakajitungia wenyewe. Nadhani alikaa kimya. Sisi akina Tveit ni hodari wa kukaa kimya na kununa.

Lakini si Halvor anayeniumiza. Ni Marlys. Alisoma barua ile yote, mstari kwa mstari, mimi nikiwa nyuma ya bega lake nimekodoa macho. Pale pale, kahawa ikipoa, angeweza kuinuka akaniambia gogo ninalojivunia lilikatwa na babu yake. Angekuwa na hadithi ya kuwaliza watu hadi Krismasi. Badala yake akaniambia ng'ombe amezaa. Halafu akakaa na jambo hilo mwezi na nusu, huku mimi nikimnunia, nikimhesabia wageni, nikimwita mwizi wa gogo. Siku ile alipopiga magoti alikuwa anagusa mkono wa babu yake.

Ningetaka kuandika kwamba moyo wangu umelainika. Umewaka. Nilisimama jikoni na unga hadi kwenye viwiko, nikasema kwa sauti, peke yangu: hata wema amenizidi. Sauti, vidole, hadithi, vyote ningemwachia. Mimi nilibakiwa na kitu kimoja, kwamba nilikuwa mtu mwema kuliko yeye, na sasa amekichukua hicho bila hata kuniambia.

Naweza kuichoma karatasi ya profesa. Kesho Marlys atasimulia, atalifikia gogo letu, atasema Halvor alilikata, na mimi nitaketi pale nimeliegemea. Hakuna atakayejua isipokuwa yeye na mimi, na yeye hajui kwamba najua. Ndivyo Halvor alivyofanya. Alikuwa na mtu mmoja wa kumshukuru, akaishi naye kanisa moja, akamwonea kijicho hadi alipokufa. Makaburi yao yametengana hatua tisa. Nimezipima leo asubuhi nikimwagilia maua ya Orlin.

Jumapili, 28 Agosti

Walikuja mia na sabini. Kanisa linatosha watu tisini, wengine walisimama nje madirishani na sahani zao. Joto lilikuwa kali, vipepeo vya karatasi vya kujipepea vilikuwa vikienda kila benchi. Familia zilijipanga kwenye alama zao bila kuelekezwa, hata wale wa Oregon ambao hawajafika miaka kumi. Nilikaa kwenye la kwetu. Sikuegemea.

Marlys alisimama katikati, bila karatasi. Alianza chini, ukuta wa kusini. Alipotaja kila gogo watu wake waliinua mkono, na yeye akawatania kidogo, huyu babu yake alikuwa hawezi kunoa shoka, huyu bibi yake aliwapikia uji wakaukimbia. Watu walikuwa wake. Kisha akaja kaskazini, la kwanza, la pili.

"La tatu ni la Halvor Tveit," akasema. "Alilikata peke yake katika baridi ya Februari, akalivuta maili nne kwa fahali mmoja." Maneno yangu hasa. Kisha akanyamaza, pale pale ninaponyamaza mimi, akanitazama akatabasamu. Alikuwa amejifunza kunyamaza kwangu ili anipe.

Nikasimama. "Si kweli," nikasema.

Mchungaji Renae akaniinamia kutoka mbele. "Mama Ardis, majina ni baada ya wimbo."

"Sisomi majina."

Nilimwona Marlys akitikisa kichwa kidogo, hapana, hapana, kama mtu anayemzuia mwingine asivuke barabara. Nikaisoma. Nilisoma yote, na uwanda wa majani, na magogo mawili, na mgongo unaowaka. Kwenye "amenizidi hata kwa hili" sauti ilikatika, nikarudia sentensi ile tangu mwanzo ili wa madirishani wasikie. Vipepeo vilisimama. Delmar, ambaye ni Tveit kama mimi, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimewadanganya miaka thelathini na mmoja," nikasema. "Sikujua, lakini nimewadanganya. Marlys alijua tangu Julai, akanificha ili nisiaibike."

Halafu nikabaki nimesimama na karatasi. Sikuwa na mahali. Huwezi kukaa kwenye gogo la watu, nimewaambia hivyo wageni maelfu, na sasa sikuwa na gogo. Nilikuwa naangalia mlango, nikihesabu magoti ya watu nitakaopita mbele yao, na nyonga inauma.

"Ardis," Marlys akasema kutoka katikati, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayeniambia nisogeze kiti. "Keti. Babu yangu hakulikata gogo hilo ili likae bila mtu."

Nikaketi. Mgongo wangu uliligusa. Yeye akaendelea na la nne.

Baadaye, baada ya majina, na wimbo, na pai zote sita kwisha, tulikuwa wawili nyuma ya kanisa kwenye mabeseni, mimi naosha vikombe yeye anafuta. Alikuwa amenuna. Sikuwahi kumwona amenuna.

"Nimekaa na jambo hilo mwezi na nusu," akasema, "mimi, ambaye sijawahi kunyamaza na kitu. Nawe unasimama unalimwaga mbele ya watu wa Oregon."

"Nisingelimwaga ningekuwa na deni lako mpaka nife. Nisingeweza kukuvumilia."

"Kwa hiyo umefanya kwa wivu."

"Kwa wivu mtupu."

Akachukua kikombe kingine akakifuta. Nikamwambia asante. Ilitoka vibaya, kama kitu kilichokwama kooni tangu mwaka 1870, lakini ilitoka. Akauliza ya nini, ya barua au ya gogo. Nikasema ya vyote viwili, na kwamba bado namwonea wivu. Akasema anajua, bonde zima linajua, nimpe taulo jingine, hili limelowa.